Mama wa Bwana wa Karanga

Jirani wa chini, hapa ugenini Ixelles, ameunguza karanga, na harufu imenirudisha jikoni kwa mama yangu, maman.

Nilikuwa nikimsomea kitabu cha shule akikaanga karanga: mtoto mtumwa aliibwa pamoja na mama yake, akarudishwa peke yake, akakua na kuwa mtaalamu wa kilimo aliyebuni vitu vingi kutokana na karanga.

Mwiko wa maman ukasimama. "Na mama yake?"

"Kitabu haisemi, maman."

"Bon, soma tena. Labda umeruka mustari."

Nilikuwa mtoto asiyeruka hata nukta. Bibi yangu, mama yake maman, alipotea wawili hao walipokimbia kutoka Kivu, na kwetu hakutajwa. Sikuelewa nimekosea wapi. Nilisoma tena, nikitafuta kosa langu, huku karanga zikiungua mbele yake.

"Tena," alisema.