Mlango wa Mama Mkwe

Niliondoka Korogwe kwa sababu ya nyumba yangu mwenyewe. Niliichora, nikaijenga, nikaipenda kupita kiasi. Na mama mkwe wangu, mjane aliyebaki peke yake kijijini huko Handeni, alikuwa amekataa kuhamia kwetu. Macho yake yalikuwa yanafifia na kuni bado anakata mwenyewe. Mke wangu Mwanaidi alikuwa hali wala halali kwa wasiwasi, basi tukafunga safari kwenda kumbembeleza.

Asubuhi tulipanda lori la mfanyabiashara wa mahindi, tukaketi juu ya magunia matupu. Baada ya daraja la mto Pangani, mkonge ulitufuata pande zote mbili. Mimi ni mtoto wa mkonge. Baba yangu alitoka mbali kuja kuukata, nami nilizaliwa kambini, katika chumba chenye giza hata mchana. Kuchora majengo nilifundishwa na mkandarasi wa Kihindi kule Tanga, lakini nilichokipenda nilikiona utotoni kwenye stesheni ya reli: paa lililoshuka kuleta kivuli, upepo unaopita, watu wanaingia bila hodi. Nikaapa nyumba yangu haitakuwa na giza wala siri. Ina mlango mmoja mpana na ukumbi mmoja mkubwa. Ukisimama kizingitini unaona hadi sufuria jikoni. Mwalimu mmoja aliisifu, na sifa zile nimezirudia mara nyingi kuliko yeye.

Mchana tulifika, vumbi limetugeuza rangi. Kwa Wazigua wa ukoo wa mke wangu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Nikakalishwa barazani, mama akabaki ndani, kiambaza cha udongo kikawa kati yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na safari." Kisha akamgeukia binti yake: "Mwambie mkwe wangu, nyumba yake nzuri, nimesikia. Lakini akiingia yeye, mie nitokee wapi? Dirishani?"

Mwanaidi akaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Mwambie mama, siku hizi watu wameacha mambo hayo."

Halafu sauti ikatoka polepole: "Walioacha, wameacha. Mie huyu mkwe nampenda. Nitamheshimu vipi akinikuta kila saa nimekaa kitako na tonge mkononi?"

Maneno hayo yaliniingia. Nyumba niliyoifungulia kila mtu ilikuwa imemfungia yeye. Nikaokota kijiti, nikachora mavumbini: nyumba yangu ile ile, na ubavuni chumba chenye mlango wake na ua wake. Ukuta wa katikati sikuufikisha kwenye paa, ili sauti na upepo vipite.

Mama hakuweza kuja kuutazama mchoro nikiwapo. Nikaondoka, nikaenda nyuma ya ghala, nikasimama na kuku. Nilisikia mlango ukilia, miguu, minong'ono, kicheko. Hakuna bwana mkubwa aliyewahi kunitia hofu hiyo kwa mchoro wangu.

Nilipoitwa, kwenye ukumbi wa mchoro wangu palikuwa pamepigwa mistari kwa kidole cha mguu: ukuta mfupi mbele ya jiko.

"Anasema hata mimi nisitiriwe," Mwanaidi alisema, huku akitazama pembeni. "Nimechoka kupika mbele ya wageni wako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyokuwa ukiisifu!"

Kesho yake lori lilitubeba kurudi Korogwe, na ahadi ya mama tukawa nayo: atakuja mlango ukiwa tayari. Nilipobomoa tofali la kwanza roho iliniuma, sifichi. Mama alihamia kabla ya masika, na tunasalimiana kila asubuhi, sauti zikipita juu ya ukuta, tukitaniana kuliko watu wanaotazamana.

Upepo na kivuli bado navipenda. Lakini mtu akija kutaka ramani, kabla sijagusa penseli namwuliza: ndani ya nyumba hii, nani anamwonea haya nani? Kisha naomba nimsikie mkewe.