Mishale ya Saa ya Kipenga

Shemeji yangu alivaa saa ambayo watoto wa mtaani waliiita kifuniko cha sufuria. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya mpira mgumu, yenye mishale juu na kidirisha cha namba chini. Haikuwa ghali, wachimbaji wengi walikuwa nayo. Ilishatumbukia kwenye pipa la maji, ikapitiwa na toroli, ikaendelea kutembea kama mtu asiyesikia matusi.

"Hii itanizika, shemeji," aliniambia, akicheka kwa pengo lake la mbele.

Aliingia machimbo ya mawe akiwa kijana. Alibeba mawe, akatoboa miamba, sikio moja likaenda. Mwishowe akapewa kipenga, na jina likabaki hilo. Siku za kulipua alisimama shimoni na kukipuliza, watu wakatupa nyundo na kukimbilia nyuma ya ukuta wa zege. Juu ya mwamba alikuwa mwenzake, Baruti, aliyewasha utambi saa sita kamili. Hawakuonana, na mashine ya kusaga kokoto haikuwaacha wasikiane. Walitegemea saa zao tu, za aina moja.

Mimi alinieleza ujanja wake. Namba zilisema kweli, sawa na za Baruti. Mishale aliisogeza mbele dakika chache makusudi, na kipenga alikipuliza mishale ikifika saa sita. Nafasi iliyobaki hapo katikati ilikuwa ya wazito.

"Kuna mmoja tunamwita Bwana Harusi. Hakimbii mpaka afunge kamba za viatu."

"Na wewe mwenyewe namba unaziona?"

"Bila miwani? Naona sisimizi wamepanga foleni. Mishale ndiyo macho yangu."

Baada ya mlipuko aliwakagua watu. Wakitimia, alipuliza mara moja, mlio mrefu. Asipoonekana mtu, angepuliza mfululizo mpaka ajitokeze. Miaka yote hiyo hakuwahi kufanya hivyo.

Jumatatu moja nilimtembelea dada yangu, mke wake. Nyumba yao iko chini kidogo ya machimbo, na vumbi la mawe halitoki kwenye mapazia hata ufue vipi. Dada alikuwa na furaha. Alisema jana, mumewe akiwa amelala, aliichukua ile saa akaipeleka kwa fundi.

"Mkanda ulikuwa unanuka kama soksi. Nimemwekea mpya. Asubuhi ameivaa hata hajaangalia, ameniita malkia."

"Umefanya vizuri."

"Halafu nikamwambia fundi ainyooshe ile mishale. Ilikuwa inaniudhi! Mwanaume mzima anatembea na saa iliyopotea. Sasa mishale na namba zinasema lugha moja."

Niliweka kikombe chini. Saa ya ukutani kwao ilikuwa inakaribia sita.

"Leo wanalipua?"

"Wanalipua. Kwa nini?"

Nilimweleza tukiwa tayari mlangoni. Kumpigia hakukuwezekana, simu zote huachwa getini kwa sababu ya baruti. Dada alikimbia na kandambili moja, nyingine ikabaki kwenye ngazi. Njia ile ya kokoto naijua, ni fupi, lakini siku hiyo ilirefuka kama inavutwa. Mashine ilikuwa inasaga. Nilitega sikio nisikie kipenga, nikasikia mashine tu.

Getini mlinzi alishashusha kamba nyekundu.

"Mama, rudi nyuma. Muda wa kulipua."

"Mwambie Baruti asiwashe!"

"Nani ampandie sasa hivi?"

Hapo kipenga kikalia, kwa mbali, kikali. Dada alishika kamba kwa mikono miwili. Tukaona watu wanakimbia kule chini, wadogo, wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa bado amechuchumaa.

Ardhi ikaruka. Vumbi likapanda likafunika shimo lote, na mtu akazima mashine. Kukawa kimya, mawe madogo tu yakidondoka moja moja.

Kisha kipenga kikalia tena.

"Yu hai!" Dada akanikumbatia, akicheka na kulia. "Umesikia? Ni yeye, yu hai!"

Nilimshika mabegani nikasubiri kinyamaze. Hakikunyamaza. Kilipumua, kikalia, kikapumua, kikalia, na kila mara pumzi ilikuwa fupi zaidi. Mlinzi alivua kofia. Dada akaacha kucheka, akaanza kunitazama usoni.