Kitambaa cha Meza Dirishani

Katika nyumba ile ya mapumziko kando ya ziwa, hakuna aliyeogopa kuliko mtunza nyumba mwenyewe. Aliogopa radi, aliogopa mamba, aliwaogopa hata kenge waliokuja kuota jua kwenye ngazi, viumbe wa watu ambao hawakuwa na habari naye. Tangu aajiriwe hapo pamoja na mumewe, hakuwahi kutia mguu gatini. Wanyama wote wa ziwa aliwajua kupitia kioo, pasi ikiwa mkononi. Mumewe akimcheka, alijibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Basi mzee akambandika jina, Bi Kunguru, nalo likamganda.

Mzee ndiye aliyewatembeza wageni kwa mashua. Mtu jasiri, mbishi, ila masikio yake yalikuwa yamemtangulia kuzeeka. Umwite hadi koo likauke, yeye anafunga kamba zake tu. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao: chakula cha mchana kikiwa tayari, mkewe alipanda ghorofani kwenye chumba cha kupigia pasi, akatoa kitambaa cheupe cha meza dirishani, akakipunga. Mzee akikiona aliacha kila kitu akapanda njia mbio, maana mbele ya sahani hakuwa na ubishi.

Jambo moja tu liliwagombanisha. Mwenye nyumba, aliyekaa mjini, alisema wageni wasipoona mnyama hawarudi. Basi kila baada ya kifungua kinywa Bi Kunguru alimwaga maganda ya tikiti nje ya mlango wa jikoni, na giza likiingia kiboko alitoka majini, akapanda njia ileile ya gatini, iliyobanwa na ua wa michongoma pande zote mbili, akaja kula. Wageni walipiga picha kutoka ndani, wakaondoka wakisifu.

"Mnyama ukimzoesha mlango, siku moja atapiga hodi," mzee alinung'unika.

"Kamwambie mwenye nyumba," mkewe alijibu. "Mimi natumwa tu, mume wangu."

Haya. Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa joto, ule ambao asubuhi jua linachoma na mchana mbingu zinapasuka. Wageni walikuwa daktari wa meno na mkewe. Adhuhuri mawingu yalilifunika ziwa, kukawa na giza hadi taa zikawashwa. Bi Kunguru alikuwa ghorofani akikunja mashuka aliposikia mke wa daktari akiita kwa furaha kutoka chini, "Mama! Njoo uone, leo amekuja mchana!"

Akachungulia. Mama wee! Kiboko, mzima mzima, yuko mlangoni pa jikoni anatafuna maganda. Giza la mawingu lilikuwa limemdanganya, akadhani jioni imefika.

Bi Kunguru akatazama mbele zaidi, na hapo roho nusura imtoke. Mumewe alikuwa ameshafunga mashua, amejitupia turubai kichwani kwa ajili ya mvua, anaanza kupanda njia. Mbele yake kulikuwa na kona, na nyuma ya kona kiboko. Na kila mtu wa ziwani anajua: kiboko akishtuka hukimbilia majini, na ole wake aliye katikati. Radi moja tu ingetosha.

Apige kelele? Mzee hasikii, atakayesikia ni kiboko. Anyamaze? Mzee anazidi kukaribia. Mikono ikafanya ilichozoea kufanya: ikashika kitambaa cha meza, ikakitoa dirishani, ikakipunga kwa nguvu zote. Rudi! Rudi, mume wangu, rudi!

Mzee akakiona. Akainua mkono kuitikia, akakaza mwendo.

"Ala! Nimemwita!" Bi Kunguru alijishika kichwa. Miaka yote kitambaa kile kilisema njoo ule, na leo, kwa kiwewe chake, amekitumia kumwambia mtu akimbie. Akakivuta ndani, nusura aanguke nacho. Mzee akasimama palepale njiani, akalikodolea macho dirisha tupu, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Radi ikapasuka hadi nyumba ikatikisika. Kiboko aligeuka, na nani angeamini mwili ule unaweza kugeuka upesi vile, akateremka na njia. Papo hapo mvua ikamwagika, njia haionekani, mume haonekani. Kishindo kilisikika, kikafifia, ukabaki mvumo wa mvua peke yake.

Bi Kunguru akashuka ngazi mbio. Chini, daktari wa meno alikuwa amemshika mkewe bega, na hakuna aliyekumbuka kamera tena. "Mama, usitoke," alisema. "Mnyama bado yuko huko."

"Na mume wangu yuko huko," akasema, akafungua mlango.

Usidhani alipata ujasiri wa ghafla. Thubutu! Alilia njia nzima. Kila radi ilipopiga alichuchumaa akafunika kichwa kwa mikono, kisha akainuka tena. Miguu ilizama katika nyayo za kiboko, zilizokwishajaa maji. "Mzee wangu! Mzee wangu!" aliita, akijua fika hasikii.

Alimkuta mbele kidogo ya kona, amejichomeka ndani ya michongoma, shati limechanika, uso unavuja damu kwa miiba. Turubai lilikuwa katikati ya njia, limekanyagwa hadi likazama kwenye tope.

"Nilimsikia kwa miguu," mzee alisema. "Ardhi ilitikisika, nikajitupa humu." Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Mke wangu, nimeogopa."

Hakuwahi kulitamka neno hilo tangu waoane. Bi Kunguru alimchomoa taratibu, mwiba baada ya mwiba, huku wote wawili wakilia na mvua ikiwapiga.

Maganda hayamwagwi tena pale, mwenye nyumba akasirike apendavyo. Na lile dirisha la ghorofani mchana halifunguliwi. Chakula kikiiva, Bi Kunguru anashika njia mwenyewe kwenda gatini kumchukua mumewe. Usimwulize kama woga umemwisha. Anatetemeka kuanzia mlangoni, na jani likicheza anasimama. Akifika humshika mzee mkono wapande pamoja, na mkono wa mzee nao unatetemeka.