Mstari Uliobaki Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanja cha ndege cha Mpanda, nilikabidhiwa fimbo kabla ya kalamu. Fimbo ilikuwa ya kuswaga ng'ombe wa Wasukuma waliopenda kulala kwenye njia ya kurukia. Kalamu ilikuwa ya kitabu cha safari. Ndege ikiruka naandika saa. Ikitua huko iendako tunaambiwa kwa redio, naandika tena. Msimamizi wa Kiwanja, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliniambia, "Kijana, mstari usio na saa ya kutua ni watu walio angani. Usiende nyumbani ukauacha."

Ndege za miaka ile ya sabini zilikuwa chache, na wiki nyingine haikuja hata moja. Ndiyo maana Msimamizi akaanzisha chama hiki mlichojiunga nacho ninyi leo. Tulichonga ndege ndogo kwa mti mwepesi tulioletewa kutoka Ziwa Rukwa, mabawa tukayavika karatasi laini, na gundi ikawa uji mzito wa muhogo. Injini ilikuwa ukanda wa mpira. Unazungusha pangaboi ya mbele mpaka ukanda ujisokote; ukiachia, unajifungua na kuivuta ndege. Haizidi dakika moja, inashuka.

Mimi nilikuwa katibu. Niliandika karatasi ya habari kwa wenzetu wa Sumbawanga na Tabora: nani amerusha mbali, nani amevunja bawa, nani mgeni. Na kwa kuwa Msimamizi hakujua mchezo usio na utaratibu, ndege ndogo nazo ziliingia kwenye kitabu cha safari, kurasa za nyuma. Kila mwanachama aliandika jina lake bawani, ili atakayeiokota porini ajue wa kumrudishia.

Mgeni mmoja aliitwa Butoyi, seremala, mkimbizi wa makazi ya Katumba. Alikuwa pacha; kwao Burundi pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Walipotezana njiani wakikimbia, na tangu hapo karani wa makazi alikuwa akimuuliza amwandikeje ndugu yake: yu hai, amekufa, au amepotea. Ndege ya Butoyi ilikuwa nzuri kuliko zetu zote, nakiri kwa wivu. Lakini bawani aliandika BUKURU.

"Andika jina lako, bwana, si la ndugu yako," nikamwambia. Nilikuwa mkali kwa mambo madogo.

"Kanuni ninaijua," akasema. "Ila ikipotea, atakayeiokota amtafute huyu."

Aliirusha saa nne na robo asubuhi. Ilipanda vizuri. Mpira ukaisha, pangaboi ikasimama, wote tuliiona ikisimama, lakini ndege ikazidi kupanda kwenye hewa ya moto ya kiwanja, ikizunguka polepole bila sauti, kisha ikashika magharibi. Tuliitazama mpaka macho yakatoka machozi.

Baada ya siku mbili tulikwenda kuitafuta hadi Kasekese. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi akatuambia, "Kandege kenu kamepita jana. Kanalia vuu, kama nyuki." Jana? Iliruka juzi, na pangaboi ilikuwa imesimama. Kijiji cha mbele mzee mmoja akasema, "Kamepita asubuhi hii hii. Nyie mmechelewa." Jua lilikuwa kali, lakini mwili ulinisisimka. Tukageuza, tukarudi Mpanda.

Mstari ukabaki wazi. Kila Jumamosi Butoyi alikuja kuuangalia. "Usiandike imepotea," aliniomba. "Neno hilo nimemkatalia karani kule. Na wewe usiniandikie." Nikamwahidi.

Kisha akaja Mkaguzi kutoka makao makuu. Akapekua hadi kurasa za nyuma. "Hiki ni kitabu cha serikali, hakiachwi wazi," akasema. "Funga mstari huu, au fungasha virago." Nilikuwa na mke na watoto wawili. Kuandika imepotea nilishindwa. Nikaandika imetua, na saa ya kutunga. Nilijiona nimetumia akili.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Katumba kabla ya Jumamosi. Butoyi alikuja kwa miguu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

"Nimesikia imetua," akasema. "Iko wapi?"

Nilimfungulia kitabu nikamweleza kwamba niliandika kuokoa kazi yangu. Hakunitukana. Aliweka kidole juu ya neno lile kwa muda mrefu. "Sasa itashukia wapi," akauliza, "na wewe umeshaifungia?" Akatoka. Aibu ya siku ile sijaiona tena maishani.

Nilihamishiwa Kigoma, baadaye Tabora, chini ya wasimamizi wakali na wapole, kisha nikarudishwa Mpanda kumalizia utumishi. Siku yangu ya mwisho nilikitoa kitabu kile kabatini ili nikate uongo wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Mistari mingine ilisomeka yote, wino mweusi. Kwenye mstari wa Bukuru saa ya kuruka ilikuwepo. Pa kutua palikuwa peupe, hata alama ya nibu hapana. Mtasema wino hufifia. Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Nilikifunga kitabu bila kuandika kitu, nikakabidhi funguo.

Sasa naishi Shanwe, hapa hapa Mpanda, na mmeniomba niwakaribishe wanachama wapya. Karibuni sana. Andikeni majina bawani, na msiandike kutua msikokuona. Ndege zenu zote zikishashuka, mtamwona mzee mmoja bado anatazama juu upande wa magharibi. Ni Butoyi. Msimcheke, mpeni kiti. Kwa miaka mingi hakunisemesha, nami sikumlaumu.

Jumamosi iliyopita nilisimama karibu naye. Kiwanja kilikuwa kimya, lakini mahali fulani juu nilisikia vuu. Akanigeukia.

"Umeiachia mstari wazi?" akauliza.

"Wazi," nikamjibu.

Akasogea kidogo kwenye benchi, nikakaa.