Kengele ya Punda

Lori la maji lilinishusha mbele ya nyumba ya wageni likaendelea na safari bila hata kuzima injini. Nilikuwa nimekaa juu ya madumu tangu alfajiri, na nilipokanyaga chini miguu iliendelea kutetemeka kana kwamba bado iko barabarani. Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja tu: duka la vipuri, zahanati iliyopakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno, posta iliyofungwa, vinyozi wawili wanaotazamana kwa chuki, nyumba ya wageni, halafu jangwa. Hapakuwa na uzio wala kibao. Lami ilichoka, mchanga ukaanza, basi.

Nilikuwa nimekuja kuandika habari za mbio. Watu wa kila taifa walikuwa wanalivuka jangwa hilo kwa miguu yao, siku baada ya siku, kila mmoja amejibebea mgongoni chakula chake, maji yake na mfuko wake wa kulalia. Siku hiyo walikuwa wamepewa mapumziko hapo mjini. Kesho yake ilibaki safari ya mwisho, ndefu kuliko zote zilizotangulia. Nilitarajia kukuta wanariadha. Nilikuta mtaa mzima wa watu wanaotembea kama waliotoka kupigwa: wengine peku, wengine kwa kandambili, wengine wameshikilia kuta, na mmoja amekaa kwenye ngazi ya posta akikitazama kidole gumba cha mguu wake kama anayesubiri kijibu swali.

Katikati yao mama mmoja alikuwa anachechemea upande wa jua, viatu vinaning'inia mkononi, anasoma vibao vya maduka kwa sauti.

"Vipuri. Kinyozi. Kinyozi tena, hivi watu hapa wana vichwa vingapi?" Aliponiona na mizigo yangu akasimama. "Mgeni mwenzangu, umeona cherehani popote?"

"Ndiyo kwanza nafika, mama."

"Si neno. Una macho? Twende."

Nikamfuata. Nimezunguka sana, na nimejifunza kwamba katika mji nisioujua, mtu anayejua anachotafuta ni kiongozi bora kuliko ramani.

Wenzake mbioni walimwita Mama Turubai. Alikuwa amepita hamsini, mfupi, mabega mapana, mikono imejaa alama za sindano. Kwao alishona maturubai ya malori katika karakana iliyopakana na egesho la magari makubwa. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipima na kukata, yeye alishona. Mumewe alikuwa mpishi wa shule, mtu mpole ambaye, kwa maneno ya mkewe, "akiona nakimbia anadhani kuna moto."

Kukimbia kwenyewe alianza kwa sababu ya cherehani. Miguu ilikuwa inavimba kwa kukaa, daktari akamwambia atembee. Akaanza kulizunguka egesho asubuhi kabla ya kufungua karakana. Madereva wakampigia honi. Ili wasipate nafasi ya kupiga honi zaidi ya mara moja, akaongeza mwendo. Miaka ikapita, egesho likawa dogo, akahamia barabara kuu, na siku moja dereva wa masafa marefu akamwambia kwamba kuna wendawazimu wenzake wanaokimbia jangwani.

"Aliniambia kama mzaha," alisema. "Nikamuuliza, usajili uko wapi? Akaacha kucheka."

Hayo alinisimulia huku tukitembea. Lakini jambo lililomfanya atafute cherehani kwa miguu ile iliyojaa malengelenge lilikuwa la mwaka uliopita.

Mbio hizo zina punda. Huondoka kila asubuhi baada ya mkimbiaji wa mwisho, na bwana wake huongozana naye kwa mwendo uleule, hakazi wala halegezi. Shingoni ana kengele. Mkimbiaji anayepitwa na punda ametoka mashindanoni. Huvuliwa namba ya kifuani, hupandishwa gari. Kwa hiyo walio nyuma hawaangalii saa. Wanatega sikio.

Mwaka uliopita, katika safari ya mwisho, Mama Turubai alikaa juu ya jiwe ili atoe mchanga viatuni. Akatoa, akavaa, akakaa tena. Mara ya tatu hakuinuka. Alisikia kengele ikija, akaisikia ikipita, na punda, anasema, hakumtazama hata kidogo.

Aliporudi nyumbani akakuta kengele kama ile ya punda imepigiliwa msumari juu ya cherehani yake. Shemeji. Kila anapochelewesha kazi, shemeji huitikisa. Anapoinuka kwenda kunywa maji, huitikisa. Wateja wakajifunza. Madereva nao, ambao zamani walipiga honi, sasa hupita dirishani kuivuta kamba yake.

"Kwa nini usiing'oe?" nikauliza.

"Niing'oe kwa mdomo gani? Nilimwambia mbele ya watu: kengele hii nitaishusha mwenyewe siku nitakayomaliza. Nisipomaliza, nizikwe nayo." Akakivuta mbele kiatu kimoja anionyeshe. "Na mchanga ni uleule, mwanangu. Mwaka huu nimejishonea hizi, na bado unaingia."

Kiatu kilikuwa kimefunikwa kuanzia kisiginoni hadi juu ya kifundo kwa kitambaa chepesi cha turubai, kimegandishwa kwa gundi kuzunguka soli yote. Aliziita sketi za viatu. Wakimbiaji wengi walikuwa nazo, za kununua. Zake zilikuwa imara kuliko zote nilizoziona mtaani pale. Juu alikuwa amezungushia plasta, na juu ya plasta akafunga kamba, na juu ya kamba plasta nyingine. Bado kila jioni alimimina mchanga kama anayepima nafaka. Daktari wa mbio alimwambia asubuhi ile, bila kumzungusha: visigino vimechubuka, vikisuguliwa tena na mchanga atatembea badala ya kukimbia, na akitembea punda atamkuta kabla ya jioni.

Cherehani tuliipata nyuma ya zahanati. Chumba chembamba, mlango umefunguliwa uingize mwanga, mapazia yananing'inia kila upande, na mafungu ya sare za shule za kaki juu ya benchi. Fundi alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Fundi, habari za kazi? Naomba kuazima cherehani."

"Cherehani haiazimwi, mama. Ni kama mke."

"Basi mwambie mkeo leo kapata shoga."

Fundi akamtazama kuanzia miguu iliyofungwa bandeji hadi mikono, na nadhani ni mikono iliyomshawishi. Akasogeza sare. Mama Turubai akaketi, akajaribu kanyagio, akasikiliza, akachukua chupa ya mafuta iliyokuwa dirishani akatia matone mawili bila kuomba ruhusa.

"Eti!" akasema fundi.

"Shoga yangu ana kiu. Humpi maji?"

Mpango wake ulikuwa kuongeza tabaka la pili, sketi juu ya sketi. Fundi alimpa kipande cha kaki. Akabandua gundi kwa kisu, akaivua sketi ya kushoto, akaipindua nje ndani, na kabla ya kuiweka chini ya sindano akapitisha kidole kwenye pindo. Haikuwa kukagua hasa. Ilikuwa kama mtu anavyofuta miwani kabla ya kusoma. Kidole kilikwenda kikizunguka, kikafika kisiginoni, kikazama.

Akatoa kidole, akakiingiza tena.

"Fundi," akasema polepole, "njoo uone mjinga."

Hapa inabidi nieleze kazi yake kama alivyonieleza. Turubai la lori lisilo na mahali pa kutolea hewa hujaa upepo njiani na kuchanika. Kwa hiyo kila anayeshona maturubai huacha tundu la upana wa kidole kwenye pindo, upande wa nyuma, na kulifunika kwa kipande kidogo cha kitambaa kinachoning'inia kama kope, ili mvua isiingie. Wenyewe huliita pua. Mama yake alimfundisha kuacha pua kabla hajamfundisha kupika. Kazi ikiisha, hupitisha kidole kuhakikisha pua ipo.

"Nimevishonea viatu pua," akasema.

Kila hatua kisigino kilipoinuka, kope ilifunguka, na mchanga uliorushwa na soli ukaingia moja kwa moja. Juu alikuwa ameziba na kuziba na kuziba. Chini nyuma alikuwa ameacha mlango wazi.

"Hukukagua?" akauliza fundi.

"Nilikagua! Nyumbani, kabla ya kufunga begi. Nikapitisha kidole, nikasema, safi, zote zina pua!"

Fundi alijizuia kidogo, kisha ikamshinda. Akajishika kwenye pazia, miwani ikaanguka. "Mama, ulidhani viatu vitapakia saruji?"

Mama Turubai alicheka mpaka akaanza kupangusa macho kwa kipande cha kaki. Kisha kicheko kikakatika katikati, akaikunjua sketi magotini. Nilifikiri uchungu wa siku zote zile umemrudia, kila hatua aliyokanyaga juu ya mchanga wake mwenyewe.

"Nimelitukana jangwa la watu bure," akasema.

"Kesho utapita huko huko, liombe radhi," akasema fundi. Alikuwa ameshachukua kiatu kingine na kuivua sketi yake. "Sikiliza. Mguu mmoja ziba wewe, mmoja nizibe mimi. Tuone wa nani utapasuka kwanza."

"Wewe fundi wa mapazia unataka kushindana na mimi kwa turubai?"

"Sare za shule, mama. Umewahi kuona suruali ya mtoto wa darasa la tatu ilivyo magotini? Hiyo ndiyo vita. Turubai ni likizo."

Wakagombana kuhusu uzi, wakagombana kuhusu urefu wa mshono, wakakubaliana kwamba gundi ya kiwandani si gundi. Yeye aliziba wa kushoto, fundi wa kulia, kwa viraka vya kaki, kisha wakazirudisha sketi kwenye soli. Vilipokwisha walibadilishana na kila mmoja akapitisha kidole kwenye kazi ya mwenzake, polepole, akitafuta aibu. Hawakuipata. Fundi akavifukia viatu vyote viwili kwenye mchanga wa nje, akavipigapiga mlangoni, akaingiza mkono ndani na kuutoa.

"Mkavu na mtupu," akasema. "Kama mfuko wangu."

Kabla hatujaondoka mama aliomba simu yangu akampigia shemeji yake. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata fundi aliisikia, na nyuma yake, sina shaka, kulikuwa na kengele.

"Itikise, itikise," akasema mama. "Ukimaliza, tafuta koleo la kung'olea misumari uliweke juu ya cherehani."

"La nini, shemeji?"

"Nakuja kufanya usafi."

"Umemaliza?"

"Kesho."

"Mwaka jana pia ilikuwa kesho!"

"Mwaka jana nilikuwa nimebeba jangwa ndani ya viatu. Weka koleo." Akakata.

Asubuhi wakimbiaji walikusanyika pale lami inapoishia. Daktari alipita akiangalia miguu. Kwa Mama Turubai alikaa kidogo, akafunga visigino upya, akakitazama kiraka cha kaki, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Nani kafanya hii?"

"Tuko wawili," akasema mama. "Ikishika, ni mimi."

Daktari akacheka, akamgonga begani, akapita.

Punda alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya posta, anatafuna katoni. Mama Turubai alimwendea. Nilidhani atamwambia kitu. Alichofanya ni kuinua pembe ya blanketi chini ya mizigo ya punda, akapitisha kidole kwenye pindo, akamwambia bwana wake, "Mshono huu umeanza kuachia. Unamchoma ubavuni. Mwone fundi nyuma ya zahanati ukirudi."

"Unamhurumia huyu?" akauliza bwana wa punda. "Mwaka jana si ndiye aliyekupita?"

"Yeye alikuwa kazini," akasema mama, akaenda kujipanga.

Filimbi ilipopulizwa, vijana waliruka mbele kama kawaida yao. Yeye alianza taratibu, anachechemea, nikaanza kumhofia. Kisha visigino vikapata moto, kuchechemea kukapungua, akawa anakimbia kwa hatua fupi, za chini, zisizobadilika, kama mtu anayekanyaga cherehani. Akampita yule wa kidole gumba. Akapita kundi lililosimama kurekebisha mikoba. Hakukaa kwenye jiwe lolote.

Mimi nilibaki. Lori la maji lilikuwa limeelekea upande mwingine, na gari jingine lingepita siku lipendayo. Nilikaa na fundi kwenye ngazi ya zahanati, yeye ameleta sare ya kutia vifungo huku akiangalia. Mkimbiaji wa mwisho alipotoka, bwana wa punda alisubiri kama kanuni inavyotaka, akafungua kamba, wakaanza. Kengele ililia mtaani, ikapita vinyozi, ikaingia mchangani.

"Yuko wapi?" akauliza fundi. Miwani yake haikufika mbali.

Nikamwonyesha. Doa dogo lilikuwa juu ya tuta la kwanza, mbele ya madoa mengine mengi, likapanda, likaonekana kidogo kwenye mstari wa anga, likashukia upande wa pili.

"Hakukaa kutoa mchanga?"

"Hakukaa."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Ule wa kulia ni wangu," akasema.

Kengele tuliendelea kuisikia kwa muda mrefu sana pale kwenye ngazi. Kule mbele alikokuwa yeye, sauti yake isingeweza kumfikia.