Nilidhani Ndugu Yangu Ananichungulia

Mimi ni mkosaji, na tafadhali usinitafutie sababu. Nilimpiga ndugu yangu, tumbo moja, na tangu siku hiyo hasikii hata mlango ukibamizwa. Na ilikuwa gemu! Gemu tu, jamani!

Sisi ni wa Kaloleni, tumezaliwa hapo hapo. Ndugu yangu nitamwita Fredi. Ni mdogo wangu, lakini si mtoto, sote tuna ndevu. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na surua akiwa mdogo. Mama alitufunza kumwongelesha kutoka upande wa kulia. Mwenyewe akitaka kusikia kitu vizuri hugeuza kichwa kushoto, ili lile sikio zima lielekee mbele. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Wewe likumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Jirani yetu Mama Zuhura aligeuza sebule yake kuwa nyumba ya gemu. Ni runinga moja kubwa, spika sakafuni, na vigoda vizito vya mbao. Gemu iliyotuteka ilikuwa ya miungu ya Wagiriki wa kale. Unashuka kuzimu na bunduki, na kwenye skrini huoni mwili wako, unaona mikono na mtutu tu. Unapasua mafuvu ya askari wa mifupa. Unamfyatulia mbwa wa vichwa vitatu mpaka kuta zinalowa damu. Halafu kuna yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Ukimtazama usoni unageuka jiwe, umekwisha. Dawa yake ni kuwasikiliza nyoka wake wakifoka, ujue yuko wapi, umpige kisogoni.

Mkicheza wawili, mnawindana humo humo kuzimu, na yule wa nyoka bado anazunguka. Skrini inagawanywa katikati, nusu yako na nusu yangu. Ukichungulia nusu ya mwenzako, utajua amejificha wapi. Ndiyo maana Mama Zuhura alibandika kadibodi katikati ya runinga, ikatokeza mbele kama ukuta. Kuchungulia pale kwake ni aibu kuliko wizi. Nimeona vijana wakitandikwa kwa kosa hilo, na mimi nikishangilia.

Sheria ni kwamba mshindi anakaa na mshindwa anapisha. Mimi nilikuwa sipishi! Watoto waliniita Radi. Kichwa kilikuwa kimenivimba, acha niseme ukweli.

Jumapili hiyo Fredi alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, ambako alikuwa akiipigia kwaya kinanda. Akaketi kulia kwangu.

"Niaje brathe. Leo nakutoa kwa hiyo kiti."

Nikacheka. Fredi? Fredi ambaye hata kushika bunduki ya gemu nilimfunza mimi!

Akaniua. Nilijificha nyuma ya nguzo, akanifuata nyuma ya nguzo, akanitoboa kifua. Nikahamia kwenye pango, akanikuta pangoni, akanipasua kichwa. Kila nilipotulia alinijia kana kwamba nimempigia simu. Nyuma yetu sebule nzima ilikuwa inapiga kelele, "Radi amekufa! Radi amekufa tena!"

Nikamtupia jicho. Alikuwa amegeuza kichwa kushoto, amejiinamisha mbele, pua yake imekaribia ncha ya kadibodi. Upande wangu! Damu ikanipanda.

"Fredi, unanichungulia?"

"Zii, sichungulii, naskiza."

"Unaskiza na macho?"

"Naskiza nyoka, buda! Wacha makelele, cheza!"

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza, sijui hata nikueleze vipi. Nikaona nimechezewa na mdogo wangu mbele ya mtaa mzima, na bado ananiamrisha.

Nikamtandika ngumi ya mdomo. Jino likakata mkono wangu, nikazidi kupandwa na hasira. Akaanguka kwa ubavu wa kushoto, ameshika mdomo, damu inapita kati ya vidole. Angesimama anirudishie, labda yangeishia hapo. Hakusimama. Alisema tu, "Brathe, ni mimi." Nami nikakamata kigoda changu kwenye mguu wake mmoja, nikamshushia kichwani. Nikamshushia tena. Kilitua kwenye sikio la kulia, na nikasikia mlio ambao mpaka leo ukinijia naacha chakula.

Mama Zuhura alinirukia shingoni. "Muache! Utamuua nduguyo, we mwana laana!" Ilibidi wanaume wanibebe juu juu kunitoa. Hata nikiwa mlangoni nilikuwa bado nabweka, "Alikuwa anachungulia!"

Mama Zuhura, ambaye siku zote hukaa kando ya runinga akitutazama nyuso, akanijibu kwa sauti ya chini. "Alikuwa amefumba macho, mwanangu. Alikuwa anategea sikio kwanza, ndipo anafumbua na kufyatua."

Nikamwangalia Fredi pale sakafuni, na ndipo nikakumbuka lile sikio. Ee Mungu! Alikuwa akitusikiliza, mimi na nyoka pamoja. Alikuwa akisikia hatua zangu kwenye mawe ya kuzimu. Alinishinda kihalali, kwa sikio moja, nami nikampokonya hilo hilo moja.

Daktari alisema limeenda. Kinanda sasa kimefunikwa kitambaa nyumbani. Mama hunipakulia chakula, lakini hanitazami. Fredi mwenyewe hakunishtaki. Aliwaambia watu aliteleza, nao wote waliokuwepo wakakubali kusema hivyo. Natamani angenipeleka polisi!

Wewe unayecheza, nisikie. Damu ya kwenye skrini hufutika ukianza upya. Ya sakafuni kwa Mama Zuhura niliisugua kwa mikono yangu na bado naiona. Ukihisi mwenzako amekuibia, weka chini ulichoshika, utoke nje. Kama ni ndugu yako, muulize mara ya pili, na umsikilize akijibu. Mimi wangu alinijibu.

Kila asubuhi namwendea kumwomba msamaha. Akiona midomo yangu inacheza, anafumba macho na kugeuza kichwa kushoto, polepole, ananipa sikio la kulia. Anangoja hapo. Nasema samahani, nasema tena kwa nguvu, napiga kelele mpaka majirani wanatoka nje, na yeye bado anangoja.