Nilivyotafuna hesabu za chekechea

Msinicheke kabla sijamaliza. Tangu ugonjwa umchukue mama tukahama Bukoba kwenda kwa bibi huko Muleba, mdogo wangu Koku alikuwa haachii shati langu, hata nikienda chooni. Bibi akasema, "Wewe wa sekondari, mpeleke chekechea ile mpya, uikague. Akikubali kubaki, nawe urudi shule."

Nikaingia mikono nyuma kama mkaguzi wa wilaya. Kusema kweli, nilitamani kuwa mtoto tena! Sakafu ilitandikwa nyasi mbichi kama kwa bibi, magari na wanasesere walisukwa kwa magome ya migomba, na nje kila mtoto alimwagilia mche wake maji ya mvua.

Mlangoni palikuwa na kikapu kidogo cha kahawa. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna iliyochemshwa, na kuikataa ni dharau. Nami sina dharau. Nikachota. Ilikuwa ngumu kama kokoto, wala haikuchemshwa. Nikajisemea, watu wa Muleba wana meno! Nikachota tena mpaka kikapu kikaisha.

Mwalimu akapiga makofi. "Haya wanangu, chukueni kahawa zetu tuhesabu!"

Nikafumba mdomo, mashavu yamevimba.

"Waitu, jamani, nani kazichukua?"

Ndipo Koku akaachia shati langu. Akaenda kuketi katikati ya wenzake, akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, ni huyu! Mfukuze, sisi tusome."